Shosho Si Mjinga, Wewe Ndio Hukupiga Kura

Wiki mbili zilizopita niliweka video moja. Kama hukuiona, hujakosa kitu. Nilikuwa nimekaa kwa keja yangu Kayole, simu nimeisimamisha dirishani, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua sana kwamba hii Kenya inaharibiwa na wazee wetu wa ocha. Sisi vijana tunakula vitoa machozi kwa barabara, wao wanaamka saa kumi alfajiri kupanga laini wampigie mtu wa kabila lao, halafu wanarudi nyumbani kunywa chai. Nikamalizia hivi: "Shosho, tafadhali, 2027 baki nyumbani."

Video ikashika. Wasee wakacheka, wakanitumia mioyo, wengine wakaongeza hadithi za nyanya zao. Nikalala nikijiona msomi.

Kesho yake binamu yangu wa Molo akanitumia rekodi ya sauti kwa WhatsApp. Alikuwa amemwonyesha shosho wetu ile video. Rekodi haikufika hata dakika moja, na shosho hakupiga kelele. Ananiitaga "mzee wangu" kwa sababu nilipewa jina la guka, na hata siku hiyo aliniita hivyo. Akasema: "Mzee wangu, nimeskia unataka nibaki nyumbani. Sawa. Lakini niambie, ile kura ya 2022, wewe ulimpigia nani?"

Manze.

2022 nilikuwa na miaka 19. Kipande nilikuwa nacho. Sikujiandikisha. Tarehe 9 Agosti nililala hadi saa tano, nikaamka nikashinda kwa simu nikiangalia picha za watu wenye wino kwa kidole, nikitoa maoni juu ya uchaguzi ambao sikuwa ndani yake. Shosho, mwanamke wa miaka 70 na kitu, mwenye goti baya, alikuwa amepanga laini kabla jua kutoka.

Kwa hivyo hii nayoandika leo ni msamaha, lakini pia ni ugomvi. Msamaha ni wa shosho. Ugomvi ni na wewe na mimi, sisi tunaosema kila siku kwamba Wakenya wanapiga kura kikabila kwa sababu ni wajinga. Hiyo maneno ni ya uvivu, na nitakuonyesha kwa nini.

Tuanze na 2022 yenyewe. Kwa karatasi ya rais kulikuwa na majina manne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure. Kati ya hao wanne, Mkikuyu alikuwa mmoja tu, Waihiga. Sasa, kama Mlima Kenya wanapiga kura kwa damu peke yake, si Waihiga angefagia Nyeri, Murang'a na Kirinyaga zote? Alipata kura 31,987. Nchi nzima. Wajackoyah, mtu wa Kakamega, akapata 61,969 nchi nzima, na Magharibi kuna mamilioni ya watu. Damu ilikuwa wapi?

Utasema, aah, lakini wagombea wenza ndio walivuta kabila. Sawa. Rigathi Gachagua wa Nyeri alikuwa upande wa Ruto, Martha Karua wa Kirinyaga upande wa Raila. Kila upande ulikuwa na mtu wa Mlima. Na juu ya hayo yote, Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa kitini na mtoto wa Mzee Kenyatta mwenyewe, alizunguka akiwaambia watu wake wampigie Raila. Watu wake wakamskiza vizuri kabisa, halafu wakampigia Ruto kwa wingi. Kama hao ni kondoo, ni kondoo gani wanaomkataa mchungaji?

Rudi nyuma kidogo. 2002, wagombea wawili wakubwa, Mwai Kibaki na Uhuru, wote walikuwa Wakikuyu. Raila akasimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha", na Nyanza ikampa Kibaki kura bila kuuliza lugha ya mama yake. Alishinda kwa asilimia 62 hivi. Miaka mitano tu baadaye, Kibaki na Raila ni maadui, Ruto yuko na Raila, na nchi inaungua. 2013 Ruto amehamia kwa Uhuru, na jamii mbili zilizokuwa zimekatana mapanga Bonde la Ufa zinapiga kura pamoja. 2022 Uhuru yuko na Raila dhidi ya Ruto. 2025 Raila na Ruto wanatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Kabila la mtu halibadiliki kila miaka mitano. Kuna kitu kingine kinachobadilika, na hicho ndicho tunapaswa kukiangalia.

Nilimpigia shosho simu. Kwanza nikaomba msamaha, akasema tuendelee. Nikamuuliza amekuwa akipiga kura vipi hizi miaka zote. Akaongea karibu saa moja, na data yangu ya maneno ikaisha katikati, ikabidi nikope.

Shosho na guka walinunua shamba Molo kabla baba yangu kuzaliwa. 1992, mwaka wa ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Moi aingie, vita vikafika huko. Nyumba za majirani zikachomwa, wakalala msituni siku kadhaa, wakarudi. Baada ya uchaguzi wa 2007 vikarudi tena, na mara hiyo nyumba yao ndiyo iliyochomwa. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Shosho, guka na shangazi yangu mdogo waliishi kwa hema pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Guka hakurudi kuwa yule mtu aliyekuwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo Nairobi, nakumbuka tu kwamba mwaka huo hatukuenda ocha.

Halafu ikafika 2013. Uhuru na Ruto wakaungana, wote wawili wakiwa na kesi The Hague. Watu wa mjini walicheka sana, ati mnawezaje kuwachagua watu wenye kesi za vita. Nikamuuliza shosho swali hilo hilo. Akanijibu: "Mimi sikumpigia mtu kura. Nilipigia usingizi."

Msee, fikiria hiyo. Ukiwa umechomewa nyumba, halafu wakubwa wa pande mbili zilizopigana wanasimama jukwaa moja wakishikana mikono, kura yako si ya manifesto. Unawapigia ili jirani yako asikuje na kiberiti. Na kwa hesabu yake, ilifanya kazi. 2013, 2017 na 2022 alilala kwa kitanda chake. Wewe uliyekuwa Kilimani unasoma sera za mgombea kwa laptopu, ungemwambia nini?

Na usifikirie hii ni ya upande mmoja. Jirani yangu wa ploti ni fundi wa nguo kutoka Siaya. Amempigia Raila kila mara tangu 2007. Nilikuwa nikimtania, nikimwita mlinzi wa baba. Baada ya rekodi ya shosho nikaenda kwa cherehani yake nikamuuliza vizuri. Alianza mbali, Oktoba 1969, Mzee Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali, zogo likatokea, risasi zikapigwa kwa umati, watu wakafa, na siku chache baadaye chama cha KPU cha Jaramogi kikapigwa marufuku. Yeye hakuwa amezaliwa. Baba yake alimhadithia. Halafu akafika 2017, polisi wakiingia manyumbani Kisumu usiku baada ya matokeo, na yule mtoto wa miezi sita aliyepigwa rungu akafa. Akaniambia, "Mimi nilitaka tu siku moja, tukishindwa ama tukishinda, askari asiingie kwa nyumba ya mamangu." Raila alipofariki Oktoba 2025, cherehani yake ilinyamaza siku nne. Aliporudi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa nani atapiga simu huko juu wakianza kutuua?"

Unaona? Shosho wa Molo na fundi wa Siaya wamekuwa wakipiga kura kinyume kwa miaka mingi, na sababu yao ni moja. Wote wananunua bima. Kabila ni anwani tu, inaonyesha hofu yako inakaa wapi.

Kwa nini bima inunuliwe kwa debe la rais na si kwa la gavana ama la mbunge? Kwa sababu huyo ndiye amekuwa na polisi, vyeo na funguo za hazina. Katiba ya 2010 ilijaribu kupunguza hii. Ilitupa kaunti 47 na magavana, ikasema mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Karatasi iko poa. Lakini watu wanaangalia vitendo. Mwanzoni mwa 2023 Gachagua, akiwa naibu wa rais, alisema hadharani kwamba serikali ni kama kampuni yenye hisa, na waliowekeza kura ndio wa kwanza kuvuna. Sisi tukakasirika mtandaoni. Shosho hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akijua hivyo tangu enzi za Mzee Kenyatta. Tofauti ni kwamba safari hii mkubwa alikisema kwa maikrofoni. Oktoba 2024 Bunge likamng'oa huyo huyo Gachagua, na maneno ya hisa yakawa sehemu ya mashtaka yake. Sasa kule Molo wanaulizana, "Mtu wetu ametolewa, tutakuwa na nani huko ndani?" Hofu ile ile, shati mpya. Na nakuhakikishia kuna mwanasiasa saa hii anaipiga pasi ili aivae 2027.

Hata wale wasiopiga kura wanafuata hesabu hiyo. Mombasa, 2022, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufika kituoni. Tunapenda kusema watu wa Pwani ni wavivu. Mimi nasema mtu anayeona kwamba akishinda hapati na akishindwa hapotezi, hana bima ya kununua. Anabaki zake nyumbani.

Sasa kuna wale wa "kura zinanunuliwa". Najua soo mbili zinatolewa. Najua leso, unga na fulana. Lakini mama mboga wa hapa kwetu alinieleza vizuri: 2022 alichukua pesa za upande mmoja asubuhi na za mwingine jioni. "Kwa kile kibanda ni mimi na Mungu," akasema. Pande zote mbili kubwa huja na pesa. Kama kila mtu anatoa, pesa haiamui nani, inaamua tu nani hataonekana bahili. Kwa MCA, ambapo kura mia mbili zinaweza kubadilisha kila kitu, nakubali inaharibu sana. Kwa rais, hapana. Hakuna aliye na soo mbili za kutosha kununua milioni saba.

Kuna kitu cha pili kando ya hofu, na hiki tusipokielewa tutashindwa kila mara. Watu humpigia anayewaona. 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200. Upande mmoja ulizungumza sana juu ya handisheki, BBI na katiba. Mwingine ukaja na wilbaro na neno moja, hasla. Mtu wa boda akaskia jina lake. Mama mboga akaskia jina lake, jina kabisa, kwa jukwaa la rais. Wewe unajua ni mara ngapi mama mboga ametajwa na mtu mkubwa bila kuitwa mchafuzi wa barabara? Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2023, ushuru wa mafuta ukatoka asilimia 8 hadi 16, na makato ya nyumba ya asilimia 1.5 juu yake. Walioamini wakaumia. Lakini kuumia si ujinga. Ujinga ungekuwa kutotaka kuonekana.

Na cha tatu ni kwamba watu hawapendi kutupa kura. 2013 wasee wa mjini walimpenda Peter Kenneth. Mtandaoni alikuwa ameshakuwa rais. Alipata kura 72,786, hata asilimia moja haikufika. Kila mtu alisema "ni mtu poa, lakini hawezi kushinda", na kwa kusema hivyo wakahakikisha hashindi. Shosho hawezi kuweka bima yake kwa kampuni ambayo haina hata ofisi Molo. Mtu wa maneno mazuri kwa simu, ambaye hajawahi kukanyaga Elburgon, Homa Bay ama Garsen, kwa shosho ni mgeni tu.

Sasa tuje kwetu. Hapa ndio panauma.

2022 waliojiandikisha walikuwa 22,120,458. Waliopiga kura ni kama milioni 14.3. Fanya hesabu. Karibu milioni 7.8 walikuwa na kadi na hawakwenda. Ruto alishinda kwa kura 7,176,141. Raila alipata 6,942,930. Yaani waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi. Na hapo sijatuhesabu mimi na wewe ambao hata kujiandikisha tulikataa. Sensa ya 2019 ilisema robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Kwa daftari la kura la 2022, wenye miaka 18 hadi 35 hawakufika hata asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017.

Tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa 233,211. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Gawanya. Ni kura tano kwa kila kituo. Tano! Watu watano ni wewe, ndugu yako na mbogi yako ya FIFA. Na Ruto alivuka ile nusu inayotakiwa kwa kura zisizofika 70,000. Ni kama Kasarani ijae, na wengine wabaki nje ya geti. Sisemi nani angefaa kushinda, usiniwekee maneno mdomoni. Nasema shosho alikuwa kati ya watu walioamua, na mimi nilikuwa kati ya watu waliolala.

Najua utakachosema. Nishakisema mwenyewe mara nyingi.

"Kura zinaibiwa." Haya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, mara ya kwanza Afrika. Haikufuta kwa maombi, ilifuta kwa sababu watu walileta fomu na maswali mahakamani. 2022 IEBC iliweka fomu 34A za vituo kwa tovuti, na vijana kama wewe wakakaa usiku kuzijumlisha wenyewe kwa laptopu. Kama unaogopa wizi, dawa ni macho mengi. Mwizi hapendi laini ndefu. Anapenda kituo chenye watu wachache, ajenti aliyelala, na kijana aliye nyumbani akiandika kwamba kura zinaibiwa.

"Wote ni wale wale." Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu ni kweli kiasi. Nimekuorodheshea hapo juu jinsi wamekuwa wakibadilishana vitanda. Lakini Juni 25, 2024, siku tulipokuwa mjini, mimi nikiwa Moi Avenue macho yakiwaka, Bungeni wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha na 106 wakakataa. Kesho yake rais akasema hatautia saini. Watu walikufa kwa hiyo "kesho yake". Wale 195 walikuwa wamehesabu nini? Walihesabu kwamba sisi tuna miguu na hatuna kadi. Kwa hiyo hesabu, nusu walikuwa sahihi.

"Mimi ni Gen Z, sina kabila, sina chama." Vizuri sana. Shosho ana kabila, ana chama cha akina mama, ana kanisa, ana kikundi cha kuchangiana na ana kadi ya kura. Wewe una wafuasi. Bomas hawakuhesabu wafuasi.

Na tusijidanganye na Wantam. Naipenda, naiimba kwa mat kama kila mtu. Lakini Wantam inasema tu nani aende. Wale wa Tutam nao wanasema tu nani abaki. Hakuna hata mmoja anayemwambia shosho yeye atalala wapi usiku wa matokeo.

Hapo ndio pointi yangu yote iko. Mtu hataacha kupiga kura ya bima kwa sababu umemtusi. Ataacha siku ambayo kushindwa hakutamgharimu nyumba. Siku shosho wa Molo anaweza kushindwa uchaguzi na bado alale, na fundi wa Siaya anaweza kushindwa na mlango wa mamake usivunjwe, ndiyo siku watakuwa huru kuuliza kuhusu bei ya unga, madeni, hospitali na shule. Kabla ya hapo, unawauliza wasome menyu wakati nyumba inanuka moshi.

Kwa hivyo 2027 mgombea akija mtaani kwako, usimuulize tu atakupa kazi ngapi. Muulize hivi: ukishinda, kaunti zilizokukataa zitapata nini? Polisi watapewa amri gani usiku ule? Ukishindwa, utasema nini, na utakisema wapi? Asiyeweza kujibu hayo, huyo anaishi kwa hofu ya shosho wako. Anaikodisha kila miaka mitano. Kasirika na huyo. Hiyo hasira tuliyokuwa tunaimwagia wazee wetu, ielekeze huko.

Halafu nenda ocha. Si kuhutubia. Nenda ukae jikoni, uulize 1992 walilala wapi, 2008 walilala wapi. Utashangaa. Mimi nimeishi miaka 20 na kitu bila kujua kwamba shosho alizika nyaraka za shamba chini ya mti wa plamu ndio zisiungue. Hati hiyo bado ina udongo kwa kona. Huyo ndiye mtu niliyemwambia abaki nyumbani kwa sababu hajui anachofanya.

Jumatatu iliyopita nilienda ofisi ya IEBC ya eneobunge letu. Nilibeba kipande. Waliniwekea vidole kwa mashine, wakanipiga picha moja mbaya sana, nikatoka. Haikuchukua muda wa kusubiri chipsi ziive. Miaka yote nilikuwa nikisema sina nafasi.

Nikampigia shosho nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na utampigia nani?"

Nikasema sijui bado.

"Hata mimi sijui," akasema. "Sasa tunaweza kubishana."

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama una miaka 18 na kipande, ofisi ya eneobunge lako iko wazi. Nenda na wale wanne wengine, mkuwe watano. Na kama hujajiandikisha, tafadhali usiniandikie hapa chini kuhusu ujinga wa shosho yako. Nishawahi kuwa hapo. Ni aibu.